Kima hahitaji kaptula

Kitabu kimoja tu cha kale ninachokijua kinasema waziwazi, tena mwanzoni kabisa, kwamba mchoraji naye apate riziki. Ni Kalila na Dimna. Ibn al-Muqaffa, karani wa Kiajemi aliyeishi Basra na kukitia kitabu hicho katika Kiarabu kwenye miaka ya 750, anataja makusudi manne. Kwanza, wanyama wamepewa maneno ili vijana wapenda mzaha wakikimbilie. Pili, sura za wanyama zionyeshwe kwa rangi za kila namna, nyoyo za wafalme ziburudike. Tatu, kwa kuwa kitakuwa kizuri hivyo, wafalme na watu wa kawaida watakitaka, kitanakiliwa tena na tena kisichakae, na mchoraji pamoja na mnakili watanufaika daima. La nne linawahusu wanafalsafa, nami nawaachia wenyewe.

Hilo la tatu nalipenda mno. Mimi nilianzia mabango ya vinyozi na hoteli hapa Ngamiani, Tanga, nikahamia vitabu vya watoto, na huku kwenye vitabu malipo huja kitabu kikishatoka, na kitabu hutoka kikitaka. Kwa hiyo mtu aliyekumbuka tumbo la mchoraji zaidi ya karne kumi na mbili zilizopita, nikimsoma huwa namwitikia kwa sauti.

Kwa asiyekijua kitabu: asili yake ni India, kwenye mkusanyiko wa Kisanskriti uitwao Panchatantra. Katika karne ya 6 tabibu wa mfalme wa Uajemi, Burzoe, alikileta kwa Kipahlavi, yaani Kiajemi cha kabla ya Uislamu, na kutoka hapo ndipo Ibn al-Muqaffa akachukua. Kalila na Dimna ni mbweha wawili waliokaa pembezoni mwa baraza la simba. Dimna ana uroho wa cheo. Anamwona fahali Shatraba amekuwa kipenzi cha mfalme, basi anatia fitina huku na huku, kwa simba anasema fahali ana njama, kwa fahali anasema simba anakutaka nyama, mpaka wawili wale wanakutana kila mmoja akiwa na hofu ya mwenzake, na simba anamuua rafiki yake. Kule India hadithi inaishia na mfitini kuwa waziri. Ibn al-Muqaffa hakuridhika. Akaongeza sura nzima ya kesi, Dimna anashtakiwa, anajitetea kwa ufasaha wa kutisha, na mwisho anafia kifungoni. Mwandishi mwenyewe aliuawa Basra miaka michache baadaye, kwa mkono wa gavana. Aliyajua mabaraza ya wakubwa kwa ndani.

Mimi si mwanahistoria. Kinachonivuta ni picha. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris, ina nakala ya mkono iliyotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 13, inayodhaniwa kutoka Syria, na ni miongoni mwa nakala za Kiarabu zenye picha za zamani zaidi zilizobaki. Wameiweka mtandaoni ukurasa kwa ukurasa. Oxford, kwenye maktaba ya Bodleian, wanayo nyingine ya mwaka 1354. Bando likiruhusu, usiku nakaa nazo.

Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba hakuna mbingu. Karatasi yenyewe ndiyo mbingu, ndiyo hewa, ndiyo umbali. Ardhi ni ukanda mwembamba wa majani, mmea mmoja au miwili imesimama imeshika matunda yake, na wanyama wamekaa wakitazamana kama wazee wawili kwenye bao. Picha haina fremu. Maandishi yanakuja hadi juu ya kichwa cha mnyama, yanasimama, picha inaingia, kisha maandishi yanaendelea chini yake. Mnakili ndiye aliyetangulia: aliandika, akaacha pengo, akaendelea. Mchoraji alikuta nafasi imeshakatwa. Kila anayechora vitabu anaijua hali hiyo. Sisi siku hizi nafasi inakatwa na mpangaji wa kurasa, na ukilalamika unaambiwa tembo apunguzwe.

Karatasi zenyewe zilikuwa zinapakwa uji wa wanga, zikikauka zinasuguliwa kwa jiwe laini mpaka zing'ae, ili kalamu ya mwanzi iteleze na wino usisambae. Wino ni masizi na gundi ya mgunga. Rangi zilisagwa kwa mkono: buluu kutoka jiwe la lapis lazuli la Badakhshan, milima ya Afghanistan, nyekundu ya madini ya zebaki, njano yenye sumu ya aseniki, kijani cha kutu ya shaba, ambacho kina tabia mbaya ya kula karatasi miaka ikipita. Ukikuza picha kwenye kioo unaona mahali rangi imebanduka, na unaona pia jambo ambalo mimi hunifundisha kila mara: mwili wa mnyama ni rangi moja bapa, na kazi yote ya uhai imefanywa na mstari. Mstari wa mgongo unapanda taratibu, unakunja kwenye bega, unashuka mguuni bila kusita. Mstari wa aina hiyo haukubali kurudiwa. Nilipokuwa naandika "SALUNI YA KISASA" kwenye ubao wa bati fundi wangu alikuwa akisema brashi ikishagusa, pumzi ishike hadi herufi iishe. Ni kazi ileile.

Sasa niseme lililonifanya niandike.

Wanyama wale hawajavaa nguo. Kwenye kurasa zote nilizozitazama za nakala hizo mbili, simba ni mfalme, ana baraza, ana mawaziri, ana mama mzazi anayempa shauri, lakini amekaa chini kwa makalio yake kama simba. Hana taji wala joho. Mfalme wa kunguru ni kunguru. Maneno yao ni ya watu, miili yao ni ya wanyama, na mchoraji hakuthubutu kuvuka mpaka huo. Maana ya hadithi ameiweka kwingine: nani yuko karibu na mfalme, nani ameinamisha shingo, nani amegeuza kichwa asimtazame mwenzake machoni, kati yao pana nafasi kiasi gani.

Watazame hao mbweha wawili. Kalila ndiye mwenye busara, anayemwonya ndugu yake mpaka mwisho. Dimna ndiye shetani wa kitabu. Mara nyingi wamechorwa sawa, manyoya sawa, masikio sawa, mkia sawa. Huwezi kumjua mbaya kwa kumwangalia. Utamjua kwa kusoma, au kwa kuona aliyesogea karibu na sikio la simba ni yupi. Mchoraji wa leo angemwekea Dimna nyusi zilizokunjamana na jino moja limechomoza, mtoto ajue haraka. Lakini mtoto akishazoea kwamba mfitini ana nyusi zake, siku akikutana na mfitini mwenye sura nzuri darasani atafanyaje? Simba mwenyewe alidanganywa kwa sababu Dimna alionekana kama mbweha mwingine yeyote. Picha ikimtia alama, inamfanya simba aonekane mpumbavu tu, na hadithi yote inapungua uzito.

Baadaye mkono ulibadilika. Huko Herat, Afghanistan ya leo, mwaka 1429, mwanamfalme Baysunghur alitengenezewa nakala ya Kiajemi ya hadithi hizihizi, na ni kazi ya kukutoa pumzi: miamba ya zambarau na waridi, maua kila upenyo, miti yenye majani yaliyohesabika, dhahabu. Nasifu ufundi. Nikiri tu kwamba jicho langu huenda kutembea bustanini wakati kiumbe kimoja kinasalitiwa katikati ya ukurasa. Wale wa Syria na jirani zake walikuwa na vitu vichache, na kila kilichowekwa kinafanya kazi. Labda ni wivu wa mchoraji wa bati.

Kuna tukio moja ambalo nimelichora mara nyingi kwa mazoezi, halijanitoka vizuri hata sasa. Maji ya tembo yamekauka, wanahamia kwenye Chemchemi ya Mwezi, na njiani wanawakanyaga sungura kwenye mashimo yao. Sungura mmoja anajitolea kwenda kwa mfalme wa tembo na kujifanya mjumbe wa mwezi. Anamwambia bwana wangu mwezi amekasirika, njoo umwone mwenyewe majini. Tembo anakuja usiku, anauona mwezi ndani ya maji, anaambiwa achote maji kwa mkonga, anawe uso na kusujudu. Mkonga unagusa maji, maji yanatikisika, na mwezi unatetemeka. Tembo anajua sasa ameukasirisha kweli. Anaomba radhi, anaondoka na kabila lake. Nakala ya Oxford inayo: tembo na sungura mbele ya maji. Hapo mtu anayetafuta maadili ya ubaoni atakwama, maana aliyeokoa watu wake ni mwongo, na uongo wake haukumwaga damu hata tone. Kwa mchoraji tatizo ni jingine. Mkonga ukiwa juu ya maji, hakuna kilichotokea. Ukiwa umezama, limeshapita. Hadithi yote imo kwenye ncha ya mkonga ikigusa, na ncha hiyo kwenye karatasi ni upana wa punje ya mchele. Ndiyo sababu tembo lazima awe tembo mzima, mzito, mwenye mikunjo ya ngozi: uzito wake wote umeshindwa na kitu kidogo pale mbele. Mvalishe koti uone kama kuna mtu atakayeangalia ncha ya mkonga.

Nafika kwetu. Pwani yetu ina hadithi ya Punda wa Dobi. Edward Steere, mmisionari aliyefanya kazi Unguja, aliichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa kwa Kiswahili, lakini mama zetu wakubwa hawakuisoma kwake. Kima na papa ni marafiki. Mkuyu umeinamia bahari, kima anamwangushia papa matunda kila siku. Papa anamwalika kwao. Kima hajui kuogelea, basi anabebwa mgongoni. Katikati ya safari papa anasema ukweli: sultani wetu mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu bila kupepesa, mbona hukuniambia tungali kule, sisi makima mioyo yetu huwa tunaiacha mitini. Papa anageuza. Kima akishapanda juu harudi tena, na akiitwa ndipo anapomsimulia mwenzake habari za punda wa dobi.

Hadithi hiyo imo ndani ya Kalila na Dimna, na imo pamoja na kisa cha punda ndani yake, kisa ndani ya kisa. India aliyembeba kima ni mamba. Kwa Waarabu ni kobe wa majini. Kwetu, mbele ya maji ya chumvi, amekuwa papa. Mbweha anayemdanganya punda huko, huku amekuwa sungura, na hakuna mtu wa pwani atakayeshangaa. Mti wa Kiarabu ni mtini, na mkuyu ni wa ukoo huohuo, kwa hiyo matunda yanayodondoka majini ni karibu yaleyale.

Lakini mnyama akibadilika, lawama nayo inahama. Kobe wa Kiarabu ana mke mwenye wivu, aliyechoka kuona mume anashinda kwa rafiki. Mke anajifanya mgonjwa, dawa ni moyo wa kima. Kobe anaogelea huku anaumia, anasimama katikati ya maji, anawaza mke au rafiki, na kima anaona kusita kwake. Papa wetu hana mke wala msukosuko. Ametumwa na serikali. Anamwambia rafiki yake kwa adabu kabisa kwamba anapelekwa kuuawa, kwa sababu amri imetoka juu. Kwangu mimi huyo ndiye anayetisha zaidi, na sijawahi kumchukia hata mara moja.

Sasa basi nilipewa hadithi hii niichoree kitabu cha kusoma cha darasa la pili. Nikapeleka michoro ya penseli. Mhariri, dada mwenye subira kuliko wengi niliofanya nao kazi, akanijibu: kaka, kima mzuri, ila tumvalishe kaptula, na papa atabasamu kidogo watoto wasiogope.

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mtoto wa darasa la pili anasoma kwa shida, picha inamwongoza, na kima mwenye kaptula nyekundu atamtambua ukurasa hadi ukurasa. Nilikubali kwamba lazima atambulike. Nikamwambia nitamtambulisha kwa mwili wake. Kima wa kwetu ana koo jeupe, mgongo wa kijivu unaoelekea wekundu, mkia mrefu kuliko yeye mwenyewe. Mkia huo unafanya kazi kubwa kuliko kaptula yoyote: akiwa mtini na rafiki yake umening'inia umelegea, mgongoni mwa papa, habari ikishasemwa, umeshuka ukashikamana na ubavu, anapodanganya kuhusu moyo, nimeuweka umetulia kabisa, maana mwongo hodari hatikisiki. Vitu hivyo vikifunikwa kwa kitambaa vinapotea. Tena nguo inaleta maswali ambayo hadithi haiwezi kujibu. Kima akiwa na kaptula, papa ana nini? Sungura atavaa kanzu? Punda wa dobi, ambaye maisha yake yote ni kubeba nguo za watu, naye awe na shati?

Kuhusu tabasamu, nilimtumia picha niliyoipiga mnadani, pale samaki wanaposhushwa Deep Sea. Kuna papa mdogo amelazwa sakafuni, urefu wa mkono wa mtu mzima. Ukichuchumaa usawa wake unaona mdomo uko chini ya kichwa, nyuma ya pua, mkunjo uliopinda kuelekea chini. Kutoka ubavuni mdomo huo karibu hauonekani. Ana jicho la duara lisilosema kitu, na mipasuko mitano ya matamvua. Kumchora akicheka ni lazima umhamishie mdomo mbele ya uso, na ukishafanya hivyo si papa tena, ni mtu aliyevaa papa. Nami namtaka vilevile alivyo, mnyama asiyeonyesha kitu usoni, kwa sababu kima naye hakuonyeshwa kitu mpaka walipofika kilindini.

Kobe ni rahisi kumbebesha mtu, ana mgongo wa meza. Papa anateleza. Nikamweka kima ameshika pezi la mgongoni kwa mikono miwili, miguu imekunjwa isilowe. Mchoro huo ndio mhariri alioukubali kwanza, na kaptula ikafa hapohapo bila mabishano zaidi.

Rangi nimejibana. Siyu, kisiwani Pate, kulikuwa na mafundi wa kunakili Kurani waliopamba kurasa zao kwa weusi, wekundu na manjano, basi, na ukiziona hutatamani rangi ya nne. Hao hawakuchora wanyama, wala sisemi nafuata nyayo zao. Nimeazima tu ubahili wao. Bahari yangu ni karatasi nyeupe yenye mistari ya wino. Nyekundu nimeitumia kwa makuyu yaliyoiva na, kwenye kisa cha ndani, kwa ulimi wa simba.

Kisa hicho ndicho kilichonisumbua. Punda wa dobi ametoroka, amenenepa porini. Sungura anamvuta kwa maneno matamu hadi kwa simba aliyetoka kuugua, simba anamrukia, bado hana nguvu, punda anaponyoka. Sungura anamfuata tena. Punda anarudi. Safari ya pili hakuponyoka. Simba anamwambia sungura amchome nyama, amletee moyo na masikio, basi. Sungura anavila mwenyewe, na akiulizwa anasema huyu hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo angekuja mara ya pili? Mhariri hataki damu, na sibishani naye. Nimemchora punda akiwa njiani, safari ya pili, akimfuata sungura. Masikio yake marefu nimeyaelekeza nyuma yote mawili, kule alikotoka, wakati miguu inakwenda mbele. Kwenye kisigino cha nyuma nimemwekea mikwaruzo ya kucha. Sungura ametangulia, hageuki kumtazama, kwa kuwa hana wasiwasi.

Ukurasa wa mwisho una kima juu na papa chini, na katikati yao pametupu. Mhariri ameuliza kama hapo pangeweza kuingia maswali ya ufahamu, kuanzia na lile la hadithi hii inatufundisha nini. Nimemwomba ayapeleke nyuma ya kitabu. Amesema atamwuliza mpangaji wa kurasa.